Dalali na Ufunguo wa Ufini

Alasiri ile barazani Magomeni, Muuza Kahawa angali akisuuza vikombe, Maalim alikunjua gazeti kwa taadhima, akawaarifu hadhirina ya kwamba tarehe 21 Juni 2021, mjini Lisbon, dola zote za Umoja wa Ulaya zilitia saini azimio la kushirikiana hata ifikapo mwaka 2030 tatizo la watu kulala nje liwe mbioni kwisha.

"Na waliotia saini walilala wapi?" akauliza Mpiga Debe.

Maalim, ambaye dhihaka haimkatizi, akaendelea kubainisha kuwa aghalabu serikali humtaka fakiri kwanza aache ulevi, apone maradhi na apate kazi, ndipo apewe chumba. Ilhali Ufini, tangu 2008, wamempa nyumba kwanza, kwa mkataba wenye jina lake, na ushauri ukamfuata humo humo, hata bweni la Jeshi la Wokovu mjini Helsinki likageuzwa kuwa nyumba za kupanga.

Dalali akashtuka. "Na kodi ya miezi sita hulipa nani?"

"Hulipa mwezi kwa mwezi, na asiyejiweza hupewa ruzuku."

"Na ada ya kuonyeshwa nyumba?"

"Haipo."

"Basi mataifa yameshirikiana kuniua kwa njaa!"

Muuza Kahawa, mtu wa maneno machache lakini msikilizaji wa redio, akakumbusha kuwa shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lina makao yake makuu papa hapa jirani, Gigiri, Nairobi, na kwamba 1987 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Makazi kwa Wasio na Makao.

"Mwaka huo uliisha kabla haujafika kwetu," akasema Mpiga Debe.

Maalim, kwa insafu, hakuficha kuwa 2024, mwaka ambao serikali ya Ufini ilipunguza ruzuku za makazi, wasio na makao waliongezeka huko hadi 3,806, baada ya miaka mingi ya kupungua. Dalali uso ukamkunjuka, akauliza nauli ya Helsinki.

"Kabla hujasafiri," akamwambia Mpiga Debe, ambaye sote twajua hulala ndani ya daladala, kiti cha nyuma, kwa hisani ya konda, "kile chumba cha uani kilicho kitupu tangu Ramadhani, nipe ufunguo kwanza, hayo mengine tutashauriana."

Dalali akakumbuka ghafla kuwa ana mteja Manzese, akaondoka bila kulipa kahawa.