Sifa za Risiti ya Steji

Viongozi wamesifiwa vya kutosha. Leo zamu ni ya risiti ya steji, kikaratasi ambacho kanjo, yaani askari wa kaunti, humpa makanga kabla matatu haijang'oa nanga Kitale.

Bidii yake haina mfano. Madaktari wamegoma, walimu wamegoma. Risiti haijagoma hata siku moja. Mvua ya Aprili inyeshe mpaka abiria waruke matope wakishikilia viatu mkononi, yenyewe ipo, kavu, mfukoni mwa kanjo.

Tena haijui mipaka. Gari likishalipa kaunti ya Trans Nzoia, likapita Kiminini na Kamukuywa hadi Bungoma mjini, hukuta nduguye akilisubiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 209, inakataza kaunti kutoza kodi kwa namna ya kudhuru biashara inayovuka mipaka yake. Risiti, kwa unyenyekevu, husema yenyewe si kodi, ni ada tu. Na ada, kwa Katiba hiyohiyo, ni malipo ya huduma. Huduma ipi? Jamani, si hiyo risiti? Ina nembo, ina tarehe. Choo cha steji kina ada yake kando.

Mwenye gari hailipi kwa uchungu, kwani makanga huitia kwenye nauli. Mama anayepeleka viazi soko la Chepkube huilipa humo bila kuiona, kisha hulipia gunia, kisha hulipia mahali pa kulitandaza. Mara tatu anatambuliwa na serikali kabla hajauza kiazi kimoja! Nani mwingine humkumbuka hivyo, nje ya msimu wa kura?

Wenye wivu huuliza pesa zinakwenda wapi, kana kwamba Bungoma haikuonyesha dunia nzima. Mwaka 2015 kaunti hiyo ilinunua wilbaro 10, kila moja kwa shilingi 109,320. Mzigo haujapata kubebwa kwa heshima kama ile.

Na risiti haina majivuno. Inajua kwamba sehemu kubwa ya pesa za kaunti hutoka Nairobi, kwenye mgao wa mapato ya taifa usiopungua asilimia 15 kwa kaunti zote 47. Hata hivyo humkimbilia makanga kana kwamba bila yeye hospitali zingefungwa jioni hiyo.

Kila mwaka kaunti huandaa mswada wa fedha wa kupanga ada hizi, na sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Ukisikia tangazo la kikao, nenda, ndugu abiria. Mwombe makanga risiti yake uende nayo, uwaulize waliokaa mbele wakusomee huduma iliyoandikwa humo.