Jinsi ya Kuwashirikisha Wananchi Bila Kusumbuliwa Nao

Umepewa kata yenye vijiji vitano, pikipiki yenye mafuta ya wiki moja, na barua inayosema mpango wa maendeleo lazima uibuliwe na wananchi wenyewe. Usihangaike. Mpango unao tayari. Uko kwenye kompyuta ya ofisi, ni wa mwaka jana, unadai kubadilishwa tarehe tu. Kazi iliyobaki ni kupata wananchi wa kuuibua, na hiyo nitakufundisha hatua kwa hatua. Mbinu nitakazokupa zinafanya kazi. Nimekaa kwenye mikutano ya vijiji, upande wa benchi, nikaziona zikifanya kazi. Nitakwambia pia zinapokwama, maana hapo ndipo wenzako wengi huumbuka. Na sikufichi, huwa naomba zikwame.

Kwanza ijue sheria. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli ya juu kabisa kijijini, na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkutano huo unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, iko chini yake. Ibara ya 146 ya Katiba ya Tanzania nayo inasema serikali za mitaa zipo kwa ajili ya kupeleka madaraka kwa wananchi. Usibishane na maneno haya hata siku moja. Yataje kwenye ufunguzi, tena kwa sauti nzito, kisha ingilia pale ambapo msimamizi ni wewe: saa, kiti, lugha na kalamu.

Hatua ya kwanza, saa. Itisha mkutano saa nne asubuhi, siku ya kazi, katikati ya palizi. Muda huo wenye jembe wako shambani na wenye ndoo wako kisimani. Watakaokuja ni wasio na la kufanya na wanaotafuta uongozi, na wote hao ni rahisi kuelewana nao. Siku ya gulio inafaa pia. Tangazo libandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji jioni ya kuamkia mkutano, na usimsumbue mwenyekiti wa kitongoji cha mbali kwa kumpigia simu. Kitongoji cha mbali ndicho chenye shida ya maji, na watu wake wakija watazungumza habari za maji. Akidi ikikutisha, taja soda.

Hatua ya pili, kiti. Meza moja, kitambaa, maji ya chupa, viti vya plastiki kwa wageni na wazee. Wanawake wataenda wenyewe kukaa kwenye nyasi nyuma, chini ya mwembe, na wewe hutakuwa umewafukuza. Kutoka pale mezani hadi kwenye mwembe ni mbali kiasi kwamba mtu akitaka kusema lazima asimame, ajifunge kanga vizuri, apaze sauti mbele ya baba mkwe wake. Wengi watakaa kimya. Andika: hakukuwa na pingamizi.

Hatua ya tatu, lugha. Sema Kiswahili cha warsha. Sema mnyororo wa thamani, masuala mtambuka, viashiria, kujengewa uwezo. Bibi aliyezoea Kigogo nyumbani atakusikiliza kwa heshima kubwa. Ukimaliza uliza, "Tumeelewana?" Watajibu ndiyo kwa pamoja, kwa sababu ni watu wenye adabu na wewe ni mgeni wao.

Sasa kalamu, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vijiji vya Tanzania vimekuwa vikipanga kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ule ambao watumishi huuita O&OD, na ambao baadaye uliboreshwa kwa msaada wa shirika la Kijapani la JICA. Ni utaratibu mzuri, kwa hiyo unahitaji uangalifu. Watu huchora ramani ya kijiji chao ardhini kwa majivu, vijiti, magunzi na majani. Hupanga kalenda ya misimu: miezi ya njaa, miezi ya homa, miezi ambayo hela ipo. Hutembea kutoka mlimani hadi bondeni wakitazama udongo, mito na njia. Ukiwaacha wafanye kwa nafasi, ikifika saa saba kijiji chote kimelala miguuni pako. Mama ambaye hajatamka neno tangu asubuhi atakuja mbele, atainama, ang'oe kijiti cha kisima alichokichomeka mwenyekiti, akichomeke bondeni na kusema, "Hapa juu maji hukauka Agosti. Yanayobaki ni haya." Uwanja mzima utanyamaza kwa sababu wote wanajua ni kweli. Mhandisi anayekuja na gari asubuhi na kuondoka jioni hawezi kulijua jambo hilo. Ndicho kitu cha thamani kuliko vyote utakavyopata kwenye kazi hii, na ndicho unachotakiwa kukipoteza.

Kukipoteza si kazi. Usimpe kalamu tu. Bango kitita limetundikwa kwenye ukuta wa darasa, makapeni iko mkononi mwako, na kati ya ardhi na karatasi uko peke yako. Yeye amesema kisima kihamie bondeni kwa sababu maji hayakauki, na kwa sababu njia ya huko haipiti kwenye kichaka ambacho wasichana wanaogopa kukipita alfajiri. Wewe andika: "Uboreshaji wa huduma ya maji." Si uongo. Sentensi hiyo itakaa vizuri kwenye jedwali, itaruhusu kisima kuchimbwa popote, hata karibu na nyumba ya mtu unayemfahamu, na Agosti ikifika hakuna atakayeweza kukuonyesha mahali ulipokosea. Piga picha ya ramani kwa ajili ya ripoti, shukuru sana, halafu waache mbuzi wapite juu yake.

Mwaka 1969 Mmarekani Sherry Arnstein aliandika kuhusu ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vidato 8: kidato cha chini kabisa ni kuwachezea watu, cha juu kabisa ni watu kushika hatamu wenyewe. Ichore ngazi hiyo kwenye semina ya wajumbe. Ni mchoro mzuri, na nimeshuhudia ukichorwa bila mtu kuuliza, "Sisi tuko kidato cha ngapi?"

Kwenye vipaumbele, kuwa mkarimu. Wakitaja maji, andika. Zahanati, andika. Nyumba ya mwalimu, josho, daraja, umeme, andika vyote hadi karatasi ijae. Watakupigia makofi. Orodha fupi ni hatari, kwani kijiji kilichosema jambo moja kitakumbuka jambo hilo moja. Orodha ndefu haikumbukwi na mtu. Itapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ni mwenyekiti, itapanda halmashauri ya wilaya, itakutana na ukomo wa bajeti, na huko juu mtu ambaye hajawahi kufika kijijini atachukua moja kati ya yale uliyoandika. Kwa kuwa limo kwenye orodha, limeibuliwa na wananchi. Ikifika Julai mosi, mwaka mpya wa fedha umeanza na hakuna wa kurudi kijijini kueleza yale mengine yameishia wapi. Usirudi na wewe. Kurudi kutoa jibu, hata jibu la kwamba fedha hazikutosha, kunawazoesha watu kudai majibu.

Ubia nao una utamu wake. Mkataba wa makubaliano ukisainiwa, hakikisha kila mbia ameandikiwa kile anachokiweza: shirika litaleta wawezeshaji, halmashauri italeta utaalamu, mwekezaji ataleta ahadi, na wananchi wataleta mawe, mchanga, maji na tofali. Huo wa mwisho ndio mchango pekee unaofika kwa wakati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza mwaka 2007, ulikusudia kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na mahali pengi utaratibu ukawa kwamba wananchi wanajenga boma hadi lenta, halmashauri inakuja kupaua. Waambie hivyo. Wataamini, kwa sababu wanataka kuamini na kwa sababu kuna mjamzito wanayemkumbuka aliyebebwa kwenye machela usiku. Wanaume watachimba msingi na kufyatua tofali, wanawake watabeba mchanga kutoka mtoni kichwani, kila kaya itatoa mchango wake na mgambo atakuwa na daftari la waliokwepa. Boma likifika lenta, lete mgeni rasmi, wekeni jiwe la msingi, pigeni picha. Kwenye ripoti geuza kila ndoo ya mchanga kuwa shilingi na uandike "mchango wa jamii". Wafadhili wanaupenda mstari huo. Halafu ondoka.

Nenda ukayatazame maboma hayo siku moja, maana ni sehemu ya mafunzo. Utaona mpapai umeota katikati ya chumba kilichokusudiwa kuwa cha kujifungulia. Tofali za udongo za upande wa mvua zimeliwa hadi unaweza kupitisha mkono. Huwa yananiuma kuliko mradi wowote ulioibwa ofisini, kwa sababu aliyefyatua tofali zile aliacha shamba lake siku hizo, na hakuna kitabu cha hesabu kinachomdai mtu yeyote siku zake. Kwako wewe, faida yake ni hii: ukiita watu tena kwa ajili ya mradi mwingine, hawatakuja. Hapo andika "mwitikio wa jamii ni hafifu" na upendekeze semina ya uhamasishaji. Semina ina posho.

Kamati iundwe upesi, jua likiwa kali. Wachague walewale watano waliomo kwenye kamati nyingine zote. Mama mmoja awe mtunza hazina. Mpe kitabu cha stakabadhi, lakini asiwe miongoni mwa watia saini wa benki.

Wenzetu wa Kenya wakikuomba mbinu hizi, wape kwa tahadhari. Kule Katiba ya mwaka 2010 imelitaka bunge la kaunti kuushirikisha umma, na kuna watu huichukulia kwa uzito hadi mahakamani. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Jaji aliona haitoshi kutupa ujumbe mahali na kumwachia anayejali akautafute. Watu wafuatwe makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na kwenye redio za lugha zao. Hebu fikiria kazi yako ingekuwa ngumu kiasi gani. Watu wa kitongoji cha mbali wangejua.

Ikibaki mihtasari, nawe uko karibu kumaliza, niamini: hapa ndipo wajanja wengi huanguka. Kila mkutano una ajenda ambayo hukaa kimya karibu na mwanzo, baada ya kuthibitisha muhtasari: yatokanayo na mkutano uliopita. Iue mapema. Sema mgeni ana haraka. Sema daftari limebaki kwa mtendaji, na mtendaji yuko wilayani. Taarifa ya mapato na matumizi ibandike kwenye ubao ikiwa na jumla tu. Kwa kijiji kilichochoka, hayo yanatosha kwa miaka mitano, hadi uchaguzi mwingine.

Hayatoshi kwa kijiji ambacho mtu mmoja ametunza nakala. Huwa ni kijana aliyepiga picha ya bango kitita kwa simu siku ile, au mwalimu mstaafu mwenye kalamu yake mwenyewe, au yule mama wa kisima, ambaye hakuandika kitu lakini hasahau kitu. Atasimama na kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaendelea, naomba tusomewe yatokanayo." Mwambie muda hautoshi. Atasema ataukata mchango wake uwe mfupi. Mwambie daftari halipo. Atasema analo. Kutoka kwenye mwembe kule nyuma utasikia mtu wa kwanza akisema "Tusomewe!", kisha wa pili, kisha uwanja mzima, na watu wa kitongoji cha mbali watakuwa wamekuja safari hii bila kualikwa.

Hapo sina mbinu ya kukupa. Soma, kipengele kwa kipengele, na shilingi zake. Wakikuuliza kisima kiliamuliwa kiwe wapi, usijibu wewe. Mpe makapeni aliyekisogeza.