Nuhu Bila Gharika

Katika sensa ya 2021, asilimia 37.2 ya wakazi wa England na Wales walijiandika kuwa hawana dini. Mwaka huohuo, jina lililoongoza kwa watoto wa kiume waliozaliwa huko lilikuwa Noah. Ndiyo, Nuhu yuleyule wa safina.

Mwulize baba ambaye hakanyagi kanisani ila kwa harusi ya shemeji. Atakujibu: "Tumelipenda tu. Ni fupi, linatamkika." Haya. Ogu, mfalme wa Bashani, ni jina fupi zaidi, na bado sijasikia mtoto akiitwa Ogu aje anywe uji. Habakuki naye kaachwa hukohuko kwenye maandiko, na Nebukadneza asijisumbue kabisa, maana fomu ya shule haina mistari ya kumtosha.

Basi chumba cha mtoto kimechorwa safina ukutani: twiga wawili, tembo wawili, upinde wa mvua. Waliozama hawakuchorwa. Wala haikuchorwa ile sehemu ya baada ya maji kukauka, mzee Nuhu alipopanda mizabibu, akalewa, akalala uchi hemani, na alipozinduka akamlaani mjukuu wake. Wazazi wenyewe hawajaifikia. Kitabu chenyewe, wanasema, ni hekaya za kale.

Bibi wa mtoto, ambaye Jumapili bado huenda ibadani, hasemi neno. Anambembeleza mjukuu, anatabasamu, kisha anauliza kwa upole ubatizo ni lini.