Hotuba ya Injinia wa Mtaa wa Aggrey

Waheshimiwa, mafundi, wamachinga, na wewe dada wa chai, acha kugonganisha vikombe nisikike. Huyu mnayemwona juu ya kreti la soda ndiye bingwa pekee wa namba za vifaa vya usalama viwandani, kuanzia Gerezani mpaka Jangwani. Cheti ninacho. Nimekipiga plastiki Msimbazi, pande zote mbili, ndiyo maana hakisomeki.

Somo letu ni kitufe chekundu, kile cha kusimamisha mashine mtu akinaswa mkono. Lakini kwanza itazameni suti hii. Ya mtumba? Nani kasema mtumba?

Haya. Katika mfumo wa CIP Safety, mtandao wa usalama hupewa namba ya baiti 6, na kila kifaa ndani yake anwani yake. Viwili hivyo vikiunganishwa, kitufe hakina pacha kiwandani. Namba yenyewe kompyuta huitengeneza kwa tarehe na saa. Mimi saa siziamini; hii ya mkononi niliuziwa Mtaa wa Kongo, ikifika saa sita inapumzika. Kwa hiyo kwenye kiwanda kimoja chenye mitandao miwili niliandika kwa mkono: mitandao yote namba 1, vitufe vyote anwani moja. Uhuru na Umoja, ndugu zangu! Si imo kwenye nembo ya taifa?

Wenye kiwanda wakapiga simu wakilia, eti mtambo umegoma kuwaka. Nikawajibu, mtambo usiowaka haujawahi kumkata mtu kidole. Hawajanilipa mpaka leo. Wivu.

Kijana pale nyuma anaulizia Juni 2016. Kaa chini, mwanangu. Ni kweli TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu bandia tarehe 16. Ni kweli yangu ilizimika, nikiwa katikati ya kumshauri mteja. IMEI, namba ya kuitambulisha simu, ni tarakimu 15, kila simu na zake. Yangu nilipobonyeza *#06# zilitokea sifuri tupu. Nilizihesabu: 15 kamili. Sasa kosa liko wapi?

Maswali mengine wiki ijayo. Ada ni shilingi 5,000, tena mkononi. Msitume kwa simu. Ile namba natumia na shemeji, na yeye ndiye mwenye namba ya siri.