Sifa za 16,777,216

Wenzangu husifia wali wa nazi, timu zao za mpira, hata wabunge wao. Mimi leo naisifu namba: 16,777,216.

Tazameni ukarimu wake. Ukitaka mraba, ni 4,096 mara 4,096. Ukitaka mchemraba, ni 256 pande zote tatu. Andika 64 mara nne uzizidishe, au 16 mara sita, au 8 mara nane, au 4 mara kumi na mbili: jibu ni lile lile. Ni mgeni ambaye kila nguo ya humo ndani inamtosha, kuanzia kanzu ya babu hadi sare ya shule ya kitinda mimba. Uwe urithi wa shilingi sasa: ndugu wawili wagawane sawa, kila mmoja awaachie wanawe wawili, hivyo hivyo hadi kizazi cha 24, na kila mtu atashika shilingi yake moja bila kesi. Akijitokeza ndugu wa tatu mwanzoni, inabaki shilingi moja isiyogawika, na ukoo wetu umewahi kununiana kwa kidogo kuliko hicho.

Haina kigawo tasa ila 2. Pia ndiyo idadi ya rangi ambazo skrini ya kawaida ya kompyuta inaweza kuonyesha. Usiku ule umeme wangu ulipoisha, mimi niliona moja tu.

Maana mfumo wa tokeni za umeme, uliozaliwa Afrika Kusini, huipiga kila tokeni muhuri wa dakika iliyotolewa, na hesabu ilianza 1 Januari 1993. Muhuri ukapewa biti 24, yaani dakika 16,777,216, basi. Zikaisha 24 Novemba 2024, na mita isiyobadilishiwa ufunguo, ile namba yake ya siri ya kusomea tokeni, ikawa haipokei tokeni mpya. Dawa yake ni tokeni mbili za kubadilisha ufunguo, tarakimu 20 kila moja, kisha ile uliyoilipia. Tarakimu 60, tochi ya simu mdomoni, samaki wanayeyuka kwenye friza.

Nikapiga huduma kwa wateja ya shirika la umeme. “Baba, mbona tulitangaza?” Kweli, ujumbe ulikuja, nikadhani ni wale wa “ile hela tuma kwenye namba hii”.

Lakini jamani! Gawa kwa 1,440, unapata siku 11,650 na kitu. Hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Ofisi nzima, yenye mkurugenzi, gari la mkurugenzi na dereva wa gari la mkurugenzi, ilikuwa na miaka 31! Wakishuku umechezea mita, wanafika na ngazi asubuhi hiyo hiyo. Ufunguo je? Mteja ajibadilishie, gizani.

Sasa dakika zinahesabiwa kuanzia 1 Januari 2014, kwa hiyo zitaisha tena Novemba 2045. Mjukuu wangu nimeshamwonyesha mishumaa ilipo.