Unyayo Bila Mwenyewe

(Ghala la makumbusho mjini Chicago, usiku. Drooni amelala KIPUNJI, ngozi na fuvu la dume kijana kutoka Mlima Rungwe. Mezani wamewekwa wageni wawili walioletwa kukaguliwa: UNYAYO, bonge la plasta lenye urefu wa sentimita 40, na JINO, aliyewahi kukaa kinywani mwa mfano wa kujazwa wa Yeti, jitu la hadithi za Himalaya. Mlinzi amezima taa na kwenda zake.)

KIPUNJI: Shikamoo, mzee.

UNYAYO: Marahaba. Nani huyo gizani?

KIPUNJI: Kipunji, kima wa Rungwe, kusini mwa Tanzania. Mzee mwenyeji wa wapi?

UNYAYO: Bluff Creek, California. Mwaka 1958 Jerry Crew, dereva wa tingatinga katika ujenzi wa barabara, alifika kazini akakuta nyayo zimelizunguka tingatinga lake. Akamimina plasta, akanipeleka gazetini. Tangu hapo dunia nzima inaniita Bigfoot, Mguu Mkubwa, jitu la manyoya la misituni.

KIPUNJI: Inakuita wewe, au aliyekanyaga?

UNYAYO: Yote mamoja.

JINO: Si mamoja hata kidogo.

KIPUNJI: Usinikasirikie, mzee. Kwetu mgeni huulizwa ukoo. Mama ni nani?

UNYAYO: Tope.

KIPUNJI: Na baba?

UNYAYO: (Anakohoa, vumbi jeupe linaanguka mezani.) Mguu.

JINO: Wa nyama au wa mbao? Maana Ray Wallace, mkandarasi wa barabara ile ile, alipofariki mwaka 2002 familia yake ilitoa hadharani jozi ya nyayo za kuchonga. Wakasema ule ulikuwa utani wa mzee wao.

UNYAYO: Maneno ya msibani hayo! Na filamu je? Oktoba 1967, papo hapo Bluff Creek, Roger Patterson na Bob Gimlin walimnasa jike akitembea, tena akageuka kuwatazama. Watu wanabishana mpaka leo.

KIPUNJI: Ndiyo shida yenyewe, mzee, kwamba wanabishana mpaka leo. Juu yangu walibishana mwaka mmoja tu.

UNYAYO: Usijitape. Hata wewe ulikuwa hadithi ya kuotea moto.

KIPUNJI: Kweli kabisa. Mwanzoni mwa 2003 wawindaji wa Kinyakyusa waliwatajia watafiti kima mmoja mwenye haya, jina lake Kipunji. Watafiti wakasita, kwa kuwa simulizi za kule zina wanyama wa kweli na wa kufikirika vilevile. Desemba wakatuona waziwazi. Mwaka 2004 wengine, wasio na habari ya wenzao, wakatukuta msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Mwaka 2005 tukatangazwa kwa picha, na wapo walionung'unika kwamba picha si mnyama. Mwaka huo huo mimi nikanaswa na mtego wa mkulima, ndani ya shamba la mahindi. Vinasaba vikapimwa, na 2006 tukapewa jenasi yetu wenyewe, Rungwecebus. Ubishi ukaisha.

UNYAYO: Basi! Kama wewe uliweza kujificha hadi 2003, mimi nishindwe nini?

KIPUNJI: Nani alijificha? Mkulima alinijua vizuri, nilikuwa nakula mahindi yake. Waliochelewa ni wenye madaftari. Wewe, mzee, umekula mahindi ya nani?

UNYAYO: Na gorila wa mlimani? Wazungu walimwona lini?

JINO: Mwaka 1902. Kapteni Robert von Beringe alipiga wawili risasi kwenye Mlima Sabyinyo, pale Rwanda, Uganda na Kongo zinapokutana leo. Wakaporomokea korongoni, akaweza kumtoa mmoja tu. Njiani fisi akala ngozi na mkono. Yaliyobaki yakafika Berlin, na 1903 mtaalamu wa wanyama Paul Matschie akampa jina. Hata fisi hakufaulu kuufuta ushahidi, wakati wewe huna hata kilichosazwa na fisi.

UNYAYO: Jino moja linanisema hivyo!

JINO: Jino moja hutosha, likiwa la kweli. Mwaka 1935 mtaalamu wa visukuku von Koenigswald alikuta gego kubwa ajabu katika duka la dawa za Kichina, Hong Kong. Kwa gego lile akamtambua Gigantopithecus, nyani mkubwa kuliko wote tunaowajua, aliyetoweka Asia zamani sana. Mimi nami niliingia maabara na matumaini hayohayo. Mwanasayansi Charlotte Lindqvist na wenzake walipima sampuli tisa za Yeti, wakachapisha majibu 2017. Wenzangu wanane ni dubu.

KIPUNJI: Na wewe?

JINO: Mbwa.

(Kimya kifupi cha adabu.)

UNYAYO: Pole. Lakini mimi misitu yangu ni mikubwa. Mizoga huoza upesi. Hata dubu aliyejifia ni nadra kumkuta.

KIPUNJI: Dubu hugongwa na magari, mzee. Hupigwa na wawindaji, huingia kwenye kamera za kufungwa mitini, mifupa yake imejaa droo za jengo hili. Halafu usiniambie habari za mmoja. Mmoja hawezi kujizaa mwenyewe, akadumu peke yake tangu 1958 hadi leo. Lazima awe na mke, watoto, wajomba, mahasimu. Ukoo mzima wa watu wenye miguu ya sentimita 40, kila mmoja anakula kutwa, anakunya, anaumwa meno, anakufa. Na miaka yote hiyo hakuna aliyeteleza barabarani mbele ya lori hata siku moja? Ukoo gani huo wenye bahati?

JINO: Zaidi ya hapo, Amerika yote haijatoa kisukuku kimoja cha nyani asiye na mkia. Hao ndugu zako walipita wapi?

UNYAYO: Nyinyi mna mifupa, mimi nina watu. Mji wa Willow Creek, kulekule California, kuna makumbusho yenye sanamu yangu mlangoni. Kuna sherehe yangu. Watu wanalala porini na tochi wakinitafuta. Wewe una nani?

KIPUNJI: Nina ndugu. Hesabu iliyochapishwa 2008 iliwakuta 1,117, wamebanana katika misitu isiyofika kilomita za mraba 18, huku miti ikikatwa na mkaa ukichomwa.

UNYAYO: Wachache hivyo? Mbona hakuna anayelala porini kuwatafuta?

KIPUNJI: Kwa sababu tumeshapatikana.

JINO: (Anacheka kimbwa.)

KIPUNJI: Nikuombe jambo, mzee. Mashabiki wako wakija na kamera zao na nauli zao, waambie wafike Mbeya, wapande basi la Tukuyu, washuke chini ya Mlima Rungwe wawaulize wenyeji. Wataonyeshwa.