Jinsi ya Kumzuia Anayejitolea Asikukimbie

Mwongozo huu ni wako wewe mwenyekiti wa kikundi cha hisani hapa Songea, uwe unalea yatima Bombambili au unawafariji wagonjwa Peramiho. Januari ulikuwa na vijana ishirini wenye ari. Juni wamebaki watatu, na mmoja wao ni binti yako ambaye hana pa kukimbilia. Kabla hujawaita wengine wavivu, pitia hatua hizi.

1. Lipa nauli. Dereva wa bodaboda hapokei moyo wa huruma badala ya noti. Kutoka mjini hadi Peramiho ni zaidi ya kilomita 20, na anayejitolea ameshakupa siku yake nzima. Ukimwachia yeye agharamie nauli, vocha na maji ya kunywa, wa kwanza kuondoka atakuwa yule asiye na kitu, ambaye ndiye anayeijua vizuri shida ya mnaowahudumia. Utabaki na wenye magari, na hao wana vikao vingine.

2. Soma kalenda ya shamba. Mvua za Ruvuma huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili. Ukiitisha semina ya siku tatu wakati watu wanapanda mahindi, utahutubia viti. Mtu aliyekwenda kupalilia si mzembe, anatafuta chakula cha mwaka mzima. Kazi nzito zipange baada ya mavuno, uone watakavyojaa.

3. Muulize amefuata nini. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, E. Gil Clary na Mark Snyder, pamoja na wenzao, walichapisha utafiti uliotaja sababu sita za watu kujitolea: imani na utu, kujifunza, kuwa na wenzao, kujijengea njia ya ajira, kujiona wa thamani, na kupata nafuu ya machungu yao wenyewe. Waliona kuwa mtu huridhika zaidi anapopata kile hasa kilichomleta. Basi kijana aliyemaliza chuo mfundishe kuandika ripoti, na barua ya kumtambulisha kwa mwajiri iwe tayari kabla hajaiomba. Mjane aliyekuja kwa sababu nyumba yake imekuwa kimya usimfungie stoo ahesabu mablanketi. Mtume kwa watu.

4. Pika. Jirani zetu Wamatengo wa Mbinga walikuwa na sengu: watu wa ukoo walikula pamoja, na hapohapo wakazungumza matatizo, wakasuluhishana na kupanga kazi. Sufuria la ugali na usipa litakupa habari ambazo fomu ya tathmini haitakupa kamwe. Mtu akishashiba husema kilichomkera, nawe utakisikia mapema, angali bado wako.

5. Gawa uamuzi. Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na mwalimu wake yuko hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Ntimbanjayo Millinga na vijana wenzake wa TANU walianzisha kijiji cha Litowa. Kutokana na juhudi hizo kikazaliwa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, ambacho kilikua hadi kuunganisha vijiji zaidi ya 15. Walilima pamoja na kuendesha shule yao, na mambo yao waliyaamua wenyewe katika mikutano yao. Maisha yalikuwa magumu, lakini waliokaa walijua neno lao lina uzito. Septemba 1969 uongozi wa TANU ulikipiga marufuku chama hicho na mali zake zikachukuliwa. Walioona mambo yao yakianza kuamuliwa na watu wa mbali hawakuhitaji kuelezwa kilichopotea. Kwa hiyo bajeti iweke mezani. Waache wachague nani asaidiwe kwanza, na wakikupinga kwa hoja, badili msimamo mbele yao.

6. Shukuru kwa habari. Tarehe 5 Desemba ni Siku ya Kimataifa ya Kujitolea, na najua tayari unawaza fulana. Fulana haimwambii mtu kama kazi yake ilizaa chochote. Mwambie: "Dada, yule mtoto uliyempeleka kliniki ameongezeka uzito." Mwambie wiki hiyohiyo, mbele ya wenzake, kwa jina lake. Na mkipigwa picha na mfadhili, yeye asiwe wa kushika kamera.

7. Mruhusu apumzike. Anayekaa na wagonjwa huchoka rohoni, hata kama anatabasamu. Mpe mwezi wa kupumzika bila kumnunia. Akiondoka kabisa kwa sababu amepata kazi au ameolewa Tunduru, mwandalie chakula, mpe cheti chenye maelezo ya kazi aliyofanya, na muulize mngefanya nini vizuri zaidi. Jibu lake liandike, kisha lifanyie kazi kabla hujatafuta mtu mwingine.